Chokaa katika titi si hukumu

Ukimwuliza mtu wa Dar es Salaam chokaa ni nini, hatasita kukujibu. Atakuambia ni ile inayopakwa ukutani sikukuu zikikaribia. Bibi mla tambuu atakuambia ni ile anayoipaka kwenye jani kabla ya kutia popoo. Fundi mwashi atakutajia bei ya mfuko. Lakini mwambie mwanamke kwamba picha ya eksirei imeonyesha chokaa ndani ya titi lake, utaona jinsi neno hilo hilo tulilolizoea linavyoweza kumnyima mtu usingizi.

Juma hili nataka tuzungumze juu ya chokaa hiyo. Najua wapo watakaopunguza sauti ya redio kwa sababu nimetaja titi, na sebuleni wamekaa watoto na wakwe. Naomba wasipunguze. Sisi sote tulilelewa na titi, na ugonjwa ambao watu hukimbilia kuufikiria wanaposikia habari hii haujali haya zetu. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika mwaka 2022 peke yake wanawake milioni 2.3 duniani waligunduliwa kuwa na kansa ya matiti, na watu 670,000 walikufa kwa kansa hiyo. Hata wanaume huipata, ingawa ni wachache, hawazidi mmoja katika kila wagonjwa mia.

Kwanza tuelewane juu ya kipimo chenyewe. Mamogramu ni picha ya eksirei ya titi. Titi hubanwa kati ya vibao viwili kwa muda mfupi, mionzi kidogo hupitishwa, na picha hutoka. Mafuta ya titi huonekana meusi, nyama na tezi huonekana nyeupe kiasi, na chokaa huonekana nyeupe kabisa, kwa kuwa huzuia mionzi kama mfupa unavyoizuia. Ndiyo maana punje ndogo kuliko chembe ya chumvi, ambayo hakuna mkono wa daktari wala wa mkunga unaoweza kuipapasa, huonekana kwenye picha hiyo kama nyota usiku wa giza.

Sasa chokaa hiyo imetoka wapi? Watu wengi hudhani imetoka chakulani. Hapana. Kunywa maziwa, kula dagaa na mifupa yao, au kumeza vidonge vya kuimarisha mifupa hakuleti punje hizo kwenye titi. Litazame birika la nyumbani ambalo kila siku huchemshiwa maji ya kisima yenye chumvi. Mwaka ukipita, ndani yake hujenga ukoko mweupe. Hakuna aliyemwaga ukoko mle. Umeachwa na kazi ya kila siku. Na mwili wetu una tabia inayofanana na hiyo. Mahali palipoumia na kupona, mahali palipopata uvimbe wa maziwa wakati wa kunyonyesha, mshipa wa damu uliozeeka, uvimbe wa ujanani usio na madhara ambao sasa umesinyaa, pote hapo mwili huweza kuacha chokaa. Wanawake wengi waliopita umri wa miaka 50 wanazo punje hizo na wala hawajui.

Lakini zipo punje zinazoachwa na jambo jingine. Chembe za kansa zinapozaliana kwa haraka ndani ya mirija ya maziwa, baadhi yake hufa, na mabaki yake huweza kugeuka chokaa. Kwa hiyo chokaa yenyewe si kansa, wala haigeuki kuwa kansa. Chokaa ni nyayo. Ukikuta nyayo uani asubuhi, zinaweza kuwa za mwizi, lakini mara nyingi zaidi ni za mwuza maziwa. Huwezi kupiga kelele za mwizi kabla ya kuzitazama, na wala huwezi kuzifagia tu na kurudi kulala.

Na kazi ya daktari wa eksirei ni hiyo ya kutazama nyayo. Hutazama ukubwa, umbo na jinsi zilivyopangika. Punje kubwa, zenye zaidi ya milimita moja, mviringo na nono, kwa kawaida si za kutisha. Zile zilizojipanga katika mistari miwili sambamba kama reli ni za mishipa ya damu. Hizo hazina uhusiano na kansa, lakini zinafaa kutajwa kwa daktari wako, kwa kuwa zinaweza kwenda pamoja na maradhi ya moyo na mishipa. Zile zilizofura kama bisi ni za uvimbe wa zamani uliokwisha kusinyaa. Na zile zilizotawanyika ovyo katika matiti yote mawili, kama chumvi iliyonyunyizwa kwenye meza, aghalabu hazina neno.

Zinazomfanya daktari avute kiti karibu ni zile ndogo sana, chini ya nusu ya milimita, zilizokusanyika mahali pamoja, kila moja na umbo lake, au zilizojipanga kufuata mrija wa maziwa na kugawanyika kama matawi ya mti. Hizo nazo si lazima ziwe kansa. Lakini ni za kuulizwa.

Elimu hii haikuanza jana. Wilhelm Röntgen aligundua eksirei mwaka 1895. Mwaka 1913, daktari mpasuaji wa Berlin aitwaye Albert Salomon alitoa kazi aliyoifanya kwa kupiga picha za eksirei matiti 3,000 hivi yaliyokwisha kukatwa kwa wagonjwa, na katika baadhi ya picha hizo aliona vidoa vyeupe vya chokaa. Salomon alikuwa Myahudi. Utawala wa Wanazi ulimtoa kazini, ukamtia kambini, na binti yake Charlotte, mchoraji, aliuawa Auschwitz mwaka 1943. Kazi hiyo iliendelezwa na wengine. Katika miaka ya karibu na 1950, Raul Leborgne wa Montevideo, huko Uruguay, alionyesha jinsi titi linavyopaswa kubanwa ili punje ndogo zionekane vizuri, akaeleza tofauti kati ya chokaa ya heri na chokaa ya shari. Kwa hiyo mama anayelalamika kwamba mashine ile inabana, na kweli inabana, ajue kwamba kubanwa huko ndiko kunakomwezesha daktari kuona.

Ndugu wasikilizaji, nimeyasema hayo yote ili nifike kwenye jambo linaloniuma.

Ipo familia jirani na kwangu. Mama wa nyumba hiyo, mtu mzima aliyekwisha kustaafu, alipiga mamogramu kwa sababu binti yake alimlipia. Alirudi na bahasha kubwa na karatasi moja iliyoandikwa Kiingereza. Mtu aliyemkabidhi alimwambia maneno manne tu: “Una chokaa, mama. Utarudi.” Kisha akaita jina linalofuata.

Kwa majuma kadhaa mama yule hakumwonyesha mtu karatasi ile. Aliiweka chini ya kanga sandukuni. Aliamini kuwa ana kansa, na kwamba wale wa hospitali wameona haya kumwambia. Rafiki yake mmoja akamshauri aache maziwa na dagaa, naye akaacha. Mwingine akamletea unga wa mizizi unaosemekana kuyeyusha chokaa mwilini, kwa bei ambayo sitaki kuitaja hapa. Alikonda. Watu waliomwona anakonda wakasema, “Mnaona? Ni ile ile.”

Jioni moja alinijia barazani.

“Jirani,” akasema, “wewe unayezungumza redioni, hebu nisomee maneno haya. Usinifiche.”

Mimi si daktari, na nikamwambia hivyo. Lakini karatasi ilikuwa na herufi wazi. Ilisema kuna kikundi cha punje za chokaa za mviringo, zinazodhaniwa kuwa si za shari, daraja la tatu, na kwamba apigwe picha tena baada ya miezi sita. Nikamwambia, “Mama, hapa hawakuandika kansa. Wameandika kwamba wanadhani ni salama, na wanataka kuhakikisha. Rudi na binti yako, mwombeni daktari awaonyeshe picha yenyewe, awaeleze kwa Kiswahili.”

Wakaenda. Safari hii walimpata daktari aliyetumia robo saa, akaweka picha kwenye taa, akamwonyesha kwa ncha ya kalamu. Mama yule akarudi akaomba chai ya maziwa. Miezi sita ilipotimia alipigwa picha nyingine, na punje hazikuwa zimebadilika. Bado anaendelea kufuatiliwa, kama anavyopaswa. Sasa niulizeni: majuma yale yote ya mateso yaliletwa na nini? Hayakuletwa na ugonjwa. Yaliletwa na robo saa iliyokosekana.

Daraja la tatu nililolitaja linatokana na mfumo uitwao BI-RADS, uliotolewa na chama cha madaktari wa eksirei cha Marekani, mara ya kwanza mwaka 1993, nao umeenea katika nchi nyingi. Majibu mengi ya mamogramu huwa na namba hiyo, kuanzia 0 hadi 6. Inafaa kila mwenye mama, dada, shangazi au mke aijue, kama anavyojua kusoma bili ya maji.

Namba 0 maana yake picha haijatosha. Zinahitajika picha nyingine, labda za kukuza mahali pale penye punje, au kulinganisha na picha za zamani. Si habari mbaya. Ni kazi ambayo haijaisha. Namba 1 ni kwamba hakuna kitu. Namba 2 ni kwamba kipo kitu, lakini kinajulikana kuwa hakina madhara. Chokaa nyingi huangukia hapa. Namba 3 ni ile ya jirani yangu: uwezekano wa kansa hauzidi 2 katika mia, kwa hiyo hufuatiliwa kwa picha, kwanza baada ya miezi sita na kisha kwa miaka miwili hivi au zaidi. Namba 4 ni kwamba kuna shaka na kinyama kichukuliwe kikapimwe. Namba hii ina upana mkubwa, kutoka shaka ndogo hadi kubwa, kwa hiyo mwulize daktari shaka yake ni ya kiasi gani. Namba 5 ni kwamba dalili ni nzito, 95 katika mia au zaidi, na kinyama lazima kichukuliwe. Namba 6 ni kwa yule ambaye kansa yake imekwisha kuthibitishwa.

Maneno “kuchukua kinyama” nayo yana kitisho chake mitaani. Ati kansa ikiguswa na chuma hukasirika ikatapakaa. Maneno haya yamewapeleka wengi makaburini. Kwa kipimo hiki, ngozi hutiwa dawa ya ganzi, mashine ya picha huonyesha mahali penye punje, na sindano maalumu huchukua vipande vidogo. Kisha vipande vyenyewe hupigwa eksirei hapo hapo ili kuhakikisha kwamba chokaa iliyokusudiwa imo ndani yake, maana sindano ikikosa punje, jibu halitakuwa na maana. Mtaalamu wa maabara hutazama chini ya darubini, na neno lake ndilo la mwisho. Katika nchi zenye takwimu za miaka mingi, wanawake wengi zaidi wanaochukuliwa kinyama baada ya mamogramu huambiwa kwamba hawana kansa.

Na wale wanaoambiwa kuwa wanayo? Mara nyingi punje ndogo hufichua kansa ikiwa bado imejifungia ndani ya mrija wa maziwa na haijavunja ukuta kutoka nje. Nyingine zingekaa hivyo miaka na miaka. Nyingine zingetoka zikaenea. Kwa kuwa ni vigumu kujua ipi ni ipi, madaktari kwa kawaida hushauri iondolewe, na pengine mionzi ifuate. Mwanamke aliyegunduliwa katika hatua hiyo ana matumaini makubwa sana ya kuishi hadi kuona wajukuu wake wakioa.

Hapa ndipo ninapotaka kuwageukia wale wa upande wa pili, maana hofu si kosa pekee. Kuna mwanamke ambaye akiambiwa ana punje za namba 4 husema, “Mbona haziniumi? Mbona nikijipapasa sioni kitu?” Basi huweka karatasi kabatini na kuendelea na biashara yake. Dada yangu, punje hizo haziumi na hazipapasiki. Ndiyo faida ya mashine, kwamba inaona kabla mkono haujaona. Ukisubiri hadi iume, umeitupa faida hiyo. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu huleta mvua. Hata hivyo mtu mwenye akili akiona wingu huanua nguo kwanza, kisha hungoja aone.

Najua pia kuna watakaosema kwamba haya ni mazungumzo ya watu wa mjini. Kweli. Mashine za mamogramu katika nchi yetu ni chache, na karibu zote zipo mijini. Madaktari wetu, pamoja na wale wa Taasisi ya Saratani Ocean Road, wamelia kwa miaka mingi kwamba wagonjwa wengi hufika ugonjwa ukiwa umekwenda mbali. Mama wa kijijini asiye na mashine karibu bado ana njia: akiona uvimbe, ngozi iliyokunjamana kama ganda la chungwa, chuchu iliyozama ghafla au inayotoa damu, aende kituo cha afya bila kungoja mavuno. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliweka lengo kwamba mgonjwa apate jibu kamili katika siku 60 tangu afike mara ya kwanza. Siku 60 tu. Tujiulize ni wangapi kwetu wanaozimaliza siku hizo wakizungushwa kati ya dirisha moja na jingine, au wakizunguka wenyewe kati ya mganga mmoja na mwingine.

Kwa hiyo nina maombi matatu, na nitayataja waziwazi.

La kwanza ni kwa mwenye kupimwa. Siku ya kipimo usipake manukato ya kwapani wala poda. Punje zake zinaweza kuonekana kwenye picha kama chokaa na kukutia wasiwasi wa bure. Ukipewa majibu, uliza maswali manne: namba yangu ni ngapi, kwa nini, nifanye nini sasa, na nirudi lini. Kisha zihifadhi picha zako. Picha ya miaka mitatu iliyopita inaweza kumwambia daktari kwamba punje hizi ni za zamani na hazijabadilika, ukaepuka sindano. Nimeona nyumba ambazo picha za eksirei zimegeuzwa za kutazamia kupatwa kwa jua, jambo ambalo linaharibu picha na macho pia.

La pili ni kwa waume na ndugu. Msindikize mkeo. Kaa naye kwenye benchi. Masikio mawili yenye hofu hayasikii maneno yote. Manne yatasikia zaidi. Na kama daktari atasema kinyama kichukuliwe, usiitishe kikao cha ukoo cha mwezi mzima. Titi ni lake, na siku ni zake zinazopita.

La tatu ni kwa ndugu zetu waganga na wauguzi. Tunajua foleni ni ndefu na nyinyi ni wachache. Lakini neno “chokaa” likitamkwa na kuachwa hivi hivi, mgonjwa atalimalizia mwenyewe, na atalimalizia vibaya. Mwambieni kwa Kiswahili: ni ya aina gani, ni namba ngapi, arudi tarehe ipi. Mwandikieni tarehe hiyo kwenye kadi. Kwa mwenye namba 3, kurudi siku hiyo ndiyo nusu ya matibabu.

Chokaa ya ukutani huipaka mtu kwa hiari yake. Hii ya mwilini hujipaka yenyewe, na aliyenayo hana kosa wala aibu. Asikimbie, asilale. Aende akaulize.